Mkamwana wa Wodi ya Wanaume

Nilikuwa nimeshika trei ya vipimajoto Metroni aliponiambia nimfundishe kazi yangu mtu aliyepewa nafasi yangu.

Yeye hakuyaweka hivyo. Alikuwa Mzungu mwenye adabu, Kiswahili chake alikisoma kitabuni, na alikisema taratibu kama mtu anayemlisha mgonjwa uji. Asubuhi ile alitukusanya manesi wote chumbani kwake kabla ya zamu. Akasema hospitali yetu ya Tarime imepata nafasi moja ya kumpeleka mtu Dar es Salaam kwenye mafunzo ya kuongoza wodi, na atakayerudi ndiye atakayekuwa mkuu wa wodi ya wanaume. Moyo wangu ukawa umeshapanda garimoshi. Halafu akamtaja dresa, msafisha vidonda wetu, kijana wa kiume niliyefanya naye kazi katika wodi ile ile. Watu wakapiga makofi. Metroni akanijia, akaniwekea mkono begani, akasema kwa upole kabisa, "Wewe unaijua wodi ile kuliko mtu yeyote hapa. Kabla hajasafiri, umfundishe namna unavyopokea zamu na namna unavyogawa kazi, asije akatuaibisha huko."

Niliiweka trei juu ya meza. Kuna wanaosema niliitupa. Waongo. Niliiweka, na hakuna hata kipimajoto kimoja kilichovunjika.

"Simfundishi," nikasema.

"Umesema nini?"

"Nimesema simfundishi. Kama anaijua kazi, aende. Kama haijui, kwa nini aende yeye?"

Shingo yake ikawa nyekundu. Dresa alikuwa dirishani, anatazama viatu vyake. Metroni akasema haya hayakuwa mazungumzo ya mbele ya watu, lakini kwa kuwa nimeyaanzisha atanijibu mbele ya watu. Sababu zilikuwa mbili. Wazee wa wodi ya wanaume hawanitaki kwa sababu ya mila zao, na hilo ameliona kwa macho yake. Na pia nina mtoto mdogo. Mama hawezi kukaa mbali na mtoto kwa miezi mingi namna hiyo.

Hiyo ya wazee ningeijibu kwa utulivu. Ya mtoto ndiyo iliyonikata.

"Mtoto wangu yuko wapi, Metroni?"

"Sijui."

"Hujui. Basi usimtaje."

Nikatoka. Mpaka leo sijutii.

Mwanangu nilimpeleka Nyarero, kwa mama mkwe, akiwa ndiyo kwanza ameanza kukaa mwenyewe bila kuegemezwa. Sheria ya bweni letu ilikuwa wazi: mtoto haingii. Nesi aliyezaa aache kazi, au amtafutie mtoto pengine pa kukaa. Mume wangu alikuwa jeshini, upande wa Kenya, na barua zake zilikuja kama mvua ya kiangazi. Nilikuwa nimesoma mpaka sekondari, jambo ambalo kwetu Nata msichana hakulifanya bila baba yake kusemwa kwenye kila pombe. Kisha nikamaliza miaka ya unesi. Nilimwuliza Metroni nifanye nini. Akaniambia, kwa upole ule ule, kwamba nesi anayetaka kuja kuwa kiongozi asionekane na mtoto mgongoni. Nikamsikiliza. Nikampeleka.

Maziwa hayakujua habari za uongozi. Kila asubuhi nilijifunga kifua kwa bandeji pana, ile tuliyofungia watu waliovunjika mbavu, nikaikaza mpaka pumzi ikawa inaingia kwa shida. Wodi ya akina mama ilikuwa ng'ambo ya ua. Kichanga kikilia kule, mimi huku bandeji inalowa, nami ninamsikiliza mgonjwa akinieleza habari za kikohozi chake. Nikipata nafasi nilijificha stoo, nikajikamua ndani ya beseni, na maziwa ya mwanangu nikayamwaga kwenye migomba nyuma ya jiko la hospitali. Migomba ile ilistawi sana. Mpishi aliisifu, akasema ardhi ya pale ni nzuri.

Siku yangu ya mapumziko nilikwenda Nyarero kwa miguu, asubuhi mapema, ukungu bado umelala mashambani kwenye ulezi. Kwenda nilikuwa karibu kukimbia. Kurudi sikumbuki njia. Nakumbuka tu harufu ya mtoto iliyobaki kwenye kola ya gauni, maziwa mgando na moshi, na jinsi nilivyolala bila kulivua. Kesho yake sare ya hospitali ilikuwa na harufu ya sabuni tu, nami niliichukia.

Sasa niwaeleze habari ya wazee, maana hapo ndipo lilipo kosa lote.

Watu wa huku mnajua, na msiojua mjue: mkamwana hamkaribii baba mkwe. Hampi mkono, hapiti mbele yake anapokula, na kumwona hajavaa ni balaa ya kuchinjia mbuzi. Na baba mkwe si mtu mmoja. Ni rika lake zima. Wanaume wote waliotahiriwa pamoja naye ni baba zako wakwe, hata ambaye hujawahi kumtia machoni. Sasa fikiria wodi ndefu ya mabati, vitanda pande mbili, na wazee wengi humo ni rika la baba mkwe wako. Na wewe ndiye mwenye sindano ya penisilini, na sindano hiyo inachomwa matakoni.

Metroni aliponihamishia kule hakujua lolote, nami sikusema, kwa sababu nilitaka kazi. Siku ya kwanza nilipoingia mlangoni, mzee wa kitanda cha mwanzo aliniuliza mimi ni mke wa nani. Nikamwambia. Akavuta blanketi, akajifunika kichwa. Wa pili akajifunika. Ikaenda hivyo mpaka mwisho wa wodi, nikabaki nimesimama na trei yangu katikati ya safu za blanketi zinazokohoa.

"Shikamoo, tata," nikamwambia yule wa kwanza, nikimwita baba kwa Kikurya.

"Marahaba," blanketi ikajibu. "Kaa huko huko."

Mzee huyu alikuwa na donda ndugu kwenye muundi, donda la siku nyingi lenye harufu, na ulimi mkali kuliko donda. Maisha yake yote alikuwa mshenga. Ng'ombe wengi wa Tarime wamehama zizi kwa maneno ya kinywa chake. Siku ya kwanza dresa ndiye aliyewahudumia. Siku ya pili vile vile. Siku ya tatu mzee akachoka. Dresa alikuwa na mkono mzito, na donda lilikuwa linamnyima usingizi. Akaniita nisimame nyuma ya mlango, yeye amejifunika, akaanza kunihoji kama vile mahari yangu ndiyo kwanza inapangwa.

"Umezaliwa wapi?"

"Nata, tata."

"Hicho cheupe kichwani nani amekupa? Mwanetu?"

"Hapana. Nilipewa shuleni nilipofaulu. Ni kofia ya serikali."

"Ng'ombe wetu waliokwenda Nata, walikwenda kununua kofia?"

"Hapana, tata. Wakati ule sikuwa nayo."

Mzee akawaita wenzake kwa sauti, kitanda hadi kitanda, na wazee wale wakabishana alasiri nzima kwa Kikurya, mimi nje barazani nasikia nusu. Hoja yake ilikuwa hii: sisi tulimlipia mahari binti, kofia hatukuilipia. Kwa hiyo akiivaa, yeye ni binti wa Nata aliyetumwa na serikali, mgeni tu, na mgeni hana mkwe. Akiivua, ni wetu. Mzee mmoja mwenye ngiri akauliza itakuwaje nikiivua huku nimeshika sindano. Wodi nzima ikacheka mpaka mgonjwa aliyevunjika mbavu akalia. Wakakubaliana. Kwa kazi yake ya ushenga mzee alidai ugoro, nami nikampa, akanusie barazani, si kitandani.

Toka hapo nilifanya kazi. Na naomba nieleweke: sikufanya kazi tu, nilijifunza kuongoza, bila mtu wa kunifundisha. Zamani zamu zilipokezana mezani. Nesi wa usiku anasema "wote wazima," anapiga miayo, anakwenda. Mimi nikasema tupokezane kitanda kwa kitanda, tumesimama mbele ya mgonjwa mwenyewe, habari zake zisemwe akisikia. Manesi walinung'unika kwamba nawachosha. Lakini nesi akidanganya kwamba mgonjwa amekunywa dawa, mgonjwa anamwumbua pale pale. Na mgonjwa akidanganya, jirani yake anamwumbua. Nikapanga vidonda: visivyo na usaha visafishwe kwanza, vyenye usaha mwisho, mikono inaoshwa katikati. Jambo dogo. Lakini kabla yake tulikuwa tunabeba usaha wa mmoja tukampelekea mwingine kama salamu.

Nikajifunza pia kwamba amri ina njia ya kupita. Mzee mkaidi sikumwamuru mimi. Nilimwambia mshenga wangu kwamba kitanda fulani hakitaki kunywa maji, naye angetupa neno moja la kebehi la rika lao, na kikombe kingekauka. Dresa mwanzoni alinicheka, akaniita Bibi Baraza. Baadaye akaanza kufanya vile vile, ila yeye hakusikilizwa sana. Wazee walimwona kijana wa juzi.

Lakini sikujidanganya kwamba najua kila kitu. Nilijua pale nilipofika na pale palipokuwa na giza. Sikujua namna ya kumkemea nesi mvivu bila kumvunja moyo. Nilimkemea mmoja, akalia, akahamia wodi nyingine, na mpaka leo hanisalimu. Sikujua kupanga zamu za watu wengi kwa mwezi mzima bila mmoja kuonewa. Sikujua kumwandikia mkubwa kumwomba shuka za kutosha nikapata shuka badala ya ahadi. Haya nilisikia yanafundishwa Dar es Salaam. Jioni, nimekaa kwenye ngazi za bweni, niliyawaza mafunzo yale kama watu wanavyowaza chakula. Nilijiona nimekaa na manesi kutoka majimbo mengine, nauliza maswali yangu yote, nabishana, narudi kwetu na wodi mkononi. Na mkuu wa wodi alikuwa anapewa nyumba ya vyumba viwili, chini ya hospitali, karibu na bomba la maji. Nyumba si bweni. Nyumbani mtoto anaingia.

Hiyo ndiyo hesabu niliyokuwa nikiipiga kimya kimya: miezi ya Dar es Salaam, halafu mwanangu analala kwangu. Nilipita mbele ya nyumba ile makusudi. Nilishajua kitanda chake nitakiweka ukuta upi.

Sasa kosa.

Ilitangazwa kwamba mganga mkubwa wa jimbo anakuja kutukagua kutoka Mwanza. Metroni akataka tung'ae. Siku moja kabla ya mgeni, akakusanya kofia zetu zote zikafuliwe na kutiwa wanga, tukaambiwa tufanye kazi na vitambaa vya kichwa. Nikaingia wodini na trei ya sindano na kitambaa changu cha bluu.

Blanketi zikapanda. Moja, nyingine, mpaka mwisho.

Mimi nikacheka, sikuweza kujizuia. Nikasimama mlangoni nikawaambia kofia iko kwa dobi.

"Basi na sindano ziende kwa dobi," mzee wa donda akajibu kutoka chini ya blanketi, na vitanda vyote vikatikisika kwa kicheko.

Hapakuwa na ugomvi. Nilimpa dresa trei, nikabaki barazani namtajia dawa za kila mtu, yeye anachoma. Ndipo Metroni akatokea, anakagua kama sakafu imeng'aa. Akaona nesi wake yuko nje, wazee wamejifunika kama maiti, na dresa peke yake kazini. Akauliza kuna nini. Aliuliza kwa jumla, lakini alikuwa anamtazama dresa.

"Wanamkataa, Metroni," dresa akasema. "Ni mkamwana wao."

Basi. Akaishia hapo, akageuka kuchoma sindano nyingine. Nilifungua mdomo kueleza habari ya kofia, Metroni akainua kiganja: "Baadaye." Mgeni alikuja, akakagua, akaondoka. Kofia zilirudi zimekauka kama sahani, wazee wakafunua vichwa, kazi ikaendelea. Mara mbili nilikwenda kwa Metroni kueleza, mara mbili akaniambia ana shughuli, na kwamba nisijali, yeye anaheshimu mila. Anaheshimu mila! Aliheshimu kitu ambacho hakukiuliza. Mila yenyewe ilikuwa imeshakaa, ikajadiliana, ikafungua mlango. Yeye akaja kuufunga kwa heshima.

Siku ile niliyomkatalia, nilipotoka chumbani kwake, dresa alinifuata barazani. Simchukii yule kijana. Amenizidi miaka ya kazi. Alianza kwa kufua bandeji kabla mimi sijavaa kofia.

"Dada, mimi sikusema uongo," akaniambia.

"Hukusema uongo. Ulisema nusu."

"Nusu ile ndiyo aliyoiuliza."

"Na ile nyingine umeiweka wapi? Umeifungia safari?"

Akacheka kidogo, cheko la aibu. Akasema amengoja nafasi hii tangu alipokuwa anafua bandeji, na kwamba mimi ni mama, nitapata watoto wengine, nitapata na nafasi nyingine. Yeye akirudi atanifundisha yote aliyosoma, neno kwa neno. Nikamwuliza kama atanifundisha nikiwa chini yake. Akasema atakuwa mkubwa mwema. Nadhani alikuwa anasema kweli. Ndilo lililoniuma zaidi.

Nikaingia wodini kuchukua vitu vyangu, maana Metroni alikuwa ametuma neno niende nyumbani siku mbili, nikapoe. Wazee walikwishajua kila kitu; habari za wodi hazihitaji miguu. Mzee wa donda alikuwa amekaa, mguu umenyooshwa juu ya mto.

"Yule mura, kijana wa juzi, ndiye anakwenda kujifunza kutuamuru sisi?" akaniuliza.

"Ndiye, tata."

"Nilikuwepo akitahiriwa," akasema. Akatazama dari. "Sisemi kitu."

Wenzake walicheka mpaka wakakohoa. Halafu akaniambia, bila kicheko, kwamba kama kuna mtu anataka kusikia yale makubaliano ya kofia, aje ayasikie kwao, kwa sababu walioyaweka bado wako hai na hawajaulizwa. Nikamwambia sawa. Nikaenda Nyarero.

Mama mkwe alikuwa anamenya mihogo. Hakushangaa kuniona siku isiyo yangu. "Serikali imekufukuza?" akauliza. Nikamsalimia shikamoo, akaitikia, akanionyesha kwa kidevu upande wa nyumba.

Mwanangu alikuwa anatembea. Hakuna aliyeniambia. Nilipomwacha wiki iliyopita alikuwa anashika ukuta. Sasa amesimama katikati ya ua na kijiti, anafukuza kuku, anaanguka, anainuka. Nikapiga magoti, nikanyoosha mikono. Alinitazama kwa makini, kama mtu anayejaribu kukumbuka mahali pa kitu. Kisha akageuka, akamkimbilia bibi yake, akajificha nyuma ya gauni lake. Akamwita mama.

Hakukosea. Mama ni yule anayekuwepo.

Nilikaa pale chini. Maziwa, ambayo nilidhani yameshakauka, yakatoka yenyewe. Mama mkwe aliona. Yeye si mwanamke wa maneno laini, na wala sikumwomba. Alimshika mtoto mkono, akamleta, akamwambia kwa Kikurya kwamba huyu ni nyumba aliyotoka. Mtoto akakubali kukaa mapajani kwangu, amekakamaa, kijiti mkononi, anatazama kuku. Nilinusa kichwa chake. Nilitamani arudi kuwa mdogo, nianze upya, nikosee tofauti.

Nilipomsimulia yote, mama mkwe aliendelea kumenya mihogo. Mwisho akasema, "Walisema umwache, ukamwacha. Sasa wanasema unaye. Hao wanataka uwe na mtoto au usiwe naye?"

"Wanataka vyovyote, mradi nisiende."

"Basi chagua wewe. Ukiwa naye, uwe naye. Hasira ya mtu asiye na kitu mgongoni ni kelele tu."

Sikubaliani naye katika hilo la mwisho. Nimeona wanawake wasio na watoto wakiitikisa ofisi. Lakini la kwanza niliona ni kweli. Niliacha mtoto ili nisiambiwe nina mtoto, nikaambiwa nina mtoto. Kitu nilichokinunua kwa bei ile hakikuletwa. Basi na mimi naichukua bei yangu.

Niliandika siku ya pili, mchana, nimekaa mlangoni penye mwanga, mtoto amelala karibu na mguu wangu. Karatasi ya kwanza ilikuwa ya matusi, nikaitia jikoni. Ya pili ilikuwa ya machozi, nayo ikaifuata. Ya tatu ndiyo niliyoipeleka. Kiingereza ninakijua cha kutosha kuandika, lakini niliandika Kiswahili, ili karani akiisoma aelewe, na tarishi akiiba kuisoma aelewe. Kisha nikamfunga mwanangu mgongoni, nikavaa kofia yangu, nikaenda mpaka ofisi ya Bwana Mganga wa Wilaya, mkubwa wa Metroni. Karani alimtazama mtoto, akanitazama mimi, akaniuliza kama nimeleta mgonjwa. Nikamwambia nimeleta malalamiko. Akayagonga mhuri mbele yangu, kwa sababu sikuondoka mpaka ayagonge. Nayaweka hapa kama yalivyokwenda.

*Kwa Bwana Mganga wa Wilaya,*

*Mimi ni nesi wa wodi ya wanaume. Naleta malalamiko rasmi juu ya namna alivyochaguliwa mtu wa kwenda kwenye mafunzo ya kuongoza wodi.*

*Niliambiwa sikuchaguliwa kwa sababu mbili. Ya kwanza, kwamba wagonjwa wazee hawanikubali kwa mila. Hili si kweli. Wazee hao walikubaliana wenyewe kwamba nikivaa kofia ya kazi niwahudumie, na nimewahudumia hivyo tangu siku chache baada ya kuhamishiwa kwao, isipokuwa siku moja ambayo kofia zetu zilichukuliwa kwa amri ya Metroni. Metroni aliiona siku hiyo moja. Naomba Bwana Mganga afike wodini awaulize wazee, na aulize mbele yangu, mbele ya Metroni na mbele ya dresa.*

*Sababu ya pili, kwamba nina mtoto mdogo. Hili ni kweli. Nilimtoa mtoto wangu kwangu akiwa ananyonya, kwa sheria ya bweni na kwa ushauri niliopewa kwamba bila hivyo sitakuwa kiongozi. Sheria haiwezi kumtaka mtu amtoe mtoto, kisha imnyime kazi kwa sababu ya mtoto huyo huyo. Naomba nijibiwe ni lipi kati ya hayo mawili ndilo sheria.*

*Simlalamikii dresa. Ni mfanyakazi mzuri. Ninachoomba ni kwamba sisi wawili tupewe wodi kwa zamu, kila mmoja wiki yake, tupokee zamu, tugawe kazi, tusafishe vidonda, na Bwana Mganga atazame, halafu achague. Akimchagua yeye baada ya hapo, nitamfundisha yote ninayoyajua kabla hajasafiri.*

*Naeleza pia kwamba tangu jana mtoto wangu ninaye, na nitarudi kazini naye. Kama hakuna mahali pake katika bweni, naomba nionyeshwe mahali pengine pa kulala karibu na hospitali. Sitamrudisha.*

*Naomba jibu kwa maandishi.*

*Ni mimi, nesi wa wodi ya wanaume.*